Divai tamu: Kula kwanza, ndipo uonje

Na Daktari wetu, Kakamega

Alfajiri moja ya mwezi wa Desemba nililetewa mzee mmoja akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho kana kwamba alinyeshewa. Alitamka maneno yasiyoeleweka, na alipojaribu kuketi mikono ilimtetemeka. Mwanawe wa kiume aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona haya: "Utusamehe, Daktari. Mzee amelewa. Ni ile divai ya Italia."

Mzee huyo ninamfahamu vizuri. Ni mwalimu mstaafu, ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, na wakati huo alikuwa akimeza vidonge vya glibenklamidi asubuhi na jioni. Si mlevi. Binti yake anayefanya kazi ya kutunza wazee kule Italia alikuwa amerudi nyumbani kwa Krismasi akamletea zawadi: chupa ndogo nyembamba yenye divai ya rangi ya asali. Usiku ule, watu wakipiga gumzo sebuleni, mwalimu alikunywa glasi mbili.

Harufu ya pombe ilisikika kwa mbali, ni kweli. Lakini nilipomtoboa kidole na kupima damu, sukari ilikuwa milimoli 1.9 kwa lita. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, chochote kilicho chini ya 4 kinahitaji kushughulikiwa mara moja. Hiyo 1.9 ni mlango wa kupoteza fahamu, na akicheleweshwa, ni mlango wa kaburi.

Tulimtia maji ya sukari kwenye mshipa. Baada ya dakika chache alifungua macho akauliza, "Daktari, nimefikaje hapa?" Nami nikamwuliza, "Mwalimu, jana usiku ulikula nini?" Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Sikula kitu. Niliona divai ile ni tamu mno, nikasema nisijaze sukari mara mbili. Ugali nikauacha. Kidonge nilimeza kama kawaida."

Msomaji mpendwa, mwalimu alipiga hesabu ambayo wengi wetu tungeipiga. Alijua kwamba kitu kitamu kina sukari, akapunguza upande wa sahani ili ajazie upande wa glasi. Kosa lake lilikuwa moja tu: ndani ya divai tamu mna mambo mawili, sukari na pombe, na mambo hayo mawili huenda njia tofauti mwilini. Leo nataka tuyatenganishe, kisha tuone ni chakula gani kinachofaa kuwekwa mezani pamoja na kinywaji hiki, na ni nani asikiguse kabisa.

DIVAI HII NI YA NAMNA GANI?

Wengi wetu hapa Kenya twaiita mvinyo. Kanisani na kwa jirani zetu wa Tanzania jina la divai ndilo lililozoeleka zaidi. Ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Zabibu ina sukari yake ya asili. Hamira hula sukari hiyo na kutoa pombe. Ikiachwa mpaka mwisho, hamira humaliza karibu sukari yote, na divai huwa kavu, yaani haina utamu.

Divai tamu ya Waitaliano hutengenezwa kwa ujanja wa subira. Badala ya kuvuna zabibu mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kama kawaida, mkulima huziacha kwenye mzabibu wiki kadhaa zaidi. Zabibu hunyauka, maji hupungua, sukari hubaki na kukolea. Kuna wengine huzivuna kwa wakati lakini huzianika kwenye mikeka au vichanja kwa miezi kadhaa kabla ya kuzikamua. Divai ya aina hiyo huitwa passito. Katika jimbo la Toscana, zabibu zilizokaushwa hivyo hutengeneza vin santo, ambayo huhifadhiwa katika mapipa madogo kwa miaka.

Sukari ikiwa nyingi hivyo, hamira huchoka kabla haijamaliza kazi, au mtengenezaji huisimamisha kwa baridi. Sukari inayosalia ndiyo utamu tunaouonja. Na kwa kuwa zabibu nyingi hutoa maji machache tu, divai hizi ni ghali, na mara nyingi huuzwa katika chupa ya nusu, mililita 375.

Mtu wa Kakamega ataelewa jambo hili kwa kufikiria busaa. Unga wa mahindi huvundikwa na kukaangwa, kimea cha wimbi hutiwa, na kazi ya kuchachuka huendelea ndani ya chungu hata wakati wazee wamekaa kukizunguka na mirija yao mirefu. Ndiyo maana busaa ya jana si busaa ya leo: inazidi kuwa kali na chachu. Divai tamu ni kama chungu kilichosimamishwa njiani, utamu ukiwa bado haujaliwa wote.

Hapa kwetu mizabibu haistawi kwa urahisi. Mvua ya Kakamega ni nyingi karibu mwaka mzima, na mzabibu uliolowa kila siku huliwa na ukungu. Jirani aliyefaulu ni Dodoma, Tanzania, mahali pakame ambapo wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katikati ya karne ya 20, na ambapo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Divai tamu za Dodoma zina wapenzi wengi, na nitakayoyasema kuhusu chupa ya Italia yanahusu chupa hizo pia. Pombe na sukari hazibadiliki kwa kuwa zimevuka mpaka.

HESABU YA GLASI

Tuichukue chupa ya mwalimu. Karatasi iliyobandikwa ilisema pombe ni asilimia 14. Kiasi cha sukari hakikuandikwa, na kwa kawaida hakiandikwi, lakini divai za mavuno ya kuchelewa aghalabu huwa na gramu 100 au zaidi kwa lita. Tuseme gramu 120.

Waitaliano hunywa divai hii katika glasi ndogo, kiasi cha mililita 75, ambacho ni sawa na vijiko vitano vya mezani. Kipimo hicho kina gramu 8 hivi za pombe na gramu 9 za sukari, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari na kidogo juu.

Mwalimu hakutumia glasi ndogo. Alitumia glasi za nyumbani, zile za maji na sharubati, akanywa mbili zenye jumla ya mililita 300 hivi. Hapo alipata gramu 33 za pombe, sawa na chupa mbili za bia za nusu lita, na gramu 36 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu kiasi hicho. Kwa maneno mengine, mzee asiyezoea pombe alikunywa bia mbili na soda moja, lakini ulimi wake ulimwambia kwamba amekunywa soda peke yake.

Huu ndio udanganyifu wa kwanza wa divai tamu. Utamu huficha ukali. Mtu anayekunja uso kwa divai kavu huinywa hii kama sharubati, na kijana anayeonja pombe kwa mara ya kwanza haoni sababu ya kusimama. Watoto nao huvutiwa na rangi na ladha. Chupa iliyosahaulika mezani baada ya sherehe ni hatari kwa mtoto wa miaka mitatu kama ilivyo dawa ya babu yake.

SUKARI INAPANDAJE, KISHA INASHUKAJE?

Udanganyifu wa pili ndio uliomwangusha mwalimu.

Unapokunywa divai tamu, sukari yake huingia kwenye damu upesi, kwa kuwa ni ya majimaji na haihitaji kusagwa. Katika saa ya kwanza kipimo hupanda. Mwenye kisukari akijipima wakati huo ataona namba kubwa na kusema, "Nilijua." Lakini sukari hiyo haikai. Ndani ya saa mbili au tatu huwa imetumika, hasa ikiwa kidonge kinaisukuma.

Pombe haina haraka hiyo. Huondolewa na ini, na ini lina mwendo wake: kwa mtu wa kawaida ni kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi mwendo huo, wala kuoga maji baridi, wala supu. Gramu 33 za mwalimu zilihitaji saa tatu hadi karibu tano.

Sasa, ini hilohilo ndilo ghala la sukari ya mwili. Usiku tunapolala bila kula, ubongo hauachi kufanya kazi, na hulishwa na sukari inayotolewa na ini kidogo kidogo mpaka asubuhi. Akiba ya ghala ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya. Lakini ini linaloshughulika na pombe huiacha kazi hiyo ya kutengeneza sukari. Ni kama mpishi mmoja aliyeitwa mlangoni kuzuia mwizi: jikoni chungu kinakauka.

Mtu mwenye afya njema aliyekula chakula chake cha jioni hatalijua hilo, kwa kuwa ghala lake limejaa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi yuko katika hali nyingine. Dawa yake inaendelea kuishusha sukari bila kujali kama amekula au la. Akilala tumbo likiwa tupu, ghala halina kitu, mpishi yuko mlangoni, na dawa inaendelea kuchota. Hatari hiyo inaweza kuja usiku wa manane, na inaweza kuja hata asubuhi yake, saa nyingi baada ya glasi ya mwisho.

Basi ugali alioukataa mwalimu ndio ambao ungemlinda. Ugali, hasa wa mahindi yasiyokobolewa au wa wimbi, pamoja na mboga na kipande cha kuku, husagwa polepole na kuendelea kuingia kwenye damu kwa saa kadhaa. Vijiko tisa vya sukari ya divai vilikuwa vimekwisha kabla ya saa nane usiku. Sahani ya ugali ingekuwa bado kazini.

CHAKULA GANI KIENDE NAYO?

Hapa nina habari njema, kwani wapishi wa Italia na madaktari, kila mmoja kwa sababu zake, wanakaribia kukubaliana.

Kanuni ya kwanza ya wapishi ni kwamba divai tamu huja mwisho, baada ya chakula kamili. Mtu ameshakula, glasi ndogo hufunga meza. Haijengi hamu ya chakula wala haichukui nafasi ya chakula. Daktari hana la kuongeza hapo. Jioni ya Kakamega iliyoanza kwa ingokho, ugali, na mboga za kienyeji kama mrenda, kunde, au saga ni msingi ulio bora kabisa. Kula kwanza, kula vizuri, kaa kidogo, ndipo uonje.

Kanuni ya pili ni kwamba kitafunwa kisiwe kitamu kuliko divai. Ukila keki yenye sukari ya kupakwa juu kisha unywe divai tamu, divai itaonekana chachu na dhaifu, nawe utaongeza glasi ukitafuta utamu uliopotea. Ndiyo maana watu wa Toscana hutumia vin santo pamoja na biskuti ngumu za lozi zisizo na utamu mwingi, ambazo huzichovya. Kwa mwenye kisukari, hoja ya mpishi na hoja ya daktari ni moja: divai hii yenyewe ndiyo kitindamlo. Keki ya harusi, mandazi ya sukari, aiskrimu, na chai iliyokolea sukari zisikae naye mezani. Ukitaka keki, acha divai. Ukitaka divai, acha keki.

Kanuni ya tatu ni kwamba utamu hupendana na mafuta na chumvi. Kaskazini mwa Italia divai tamu huliwa na jibini kali lenye mishipa ya rangi ya buluu, liitwalo Gorgonzola. Si lazima tulitafute hilo. Jibini la kawaida linalouzwa katika maduka makubwa ya mijini linatosha, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Njugu karanga zilizokaangwa bila mafuta, konzi moja, ni bora zaidi kwa mfuko na kwa moyo. Korosho za pwani pia zafaa. Na msimu wa kumbikumbi ukifika, wale waliokaushwa na kukaangwa kwa chumvi kidogo, ambao sisi tuliolelewa Kakamega tumewala tangu utotoni, wana mafuta na protini, na ladha yao yenye chumvi na harufu ya njugu hukaa vizuri na glasi tamu kuliko vitafunwa vingi vya pakiti.

Hapa daktari hupunguza shauku ya mpishi. Mwenye shinikizo la damu asichukue neno chumvi kama ruhusa. Njugu ziwe bila chumvi ya kuongezwa, na jibini liwe kidogo.

Matunda nayo yana nafasi yake. Papai, kipande cha nanasi au ndizi ndogo mbivu hupatana na divai ya namna hii, na kwa mtu asiye na kisukari havina tatizo. Mwenye kisukari akumbuke kwamba tunda lina sukari inayohesabiwa. Achague tunda au divai kwa jioni moja.

Divai tamu pia hutuliza pilipili. Sambusa ya nyama yenye viungo vikali, au pilau iliyokolea, haielewani na divai kavu, lakini utamu huilainisha. Ikiwa nyumbani mnapika kwa mtindo wa Pwani, glasi ndogo baada ya pilau itakaa vizuri.

Maini ya kukaangwa na vitunguu ni chakula kingine kinachopendana na utamu, lakini natoa tahadhari. Anayesumbuliwa na jongo, yule ambaye kidole gumba cha mguu humvimba na kumuuma usiku, asichanganye pombe na maini, figo au matumbo. Vyote huongeza asidi ya yuriki katika damu, na ataniona kliniki Jumatatu akichechemea.

Jambo la mwisho la mezani: msichanganye divai tamu na soda. Nimeona kwenye sherehe nyingi. Mnaongeza sukari juu ya sukari, na mnarefusha kinywaji ili kiingie kwa wingi. Inywewe ikiwa baridi kiasi, katika glasi ndogo, polepole, na glasi ya maji ikiwa pembeni.

NANI ASIONJE?

Kabla sijawataja, niseme wazi. Simshauri mtu yeyote asiyekunywa pombe aanze kwa sababu ya makala haya. Huku magharibi ya Kenya tuna jamii kubwa za waumini, kama vile Marafiki waliojenga misheni ya Kaimosi mwaka wa 1902, na wengine wa Jeshi la Wokovu, ambao wamekaa bila pombe kwa vizazi, na hakuna kitu mwilini mwao kilichopungukiwa. Zamani tuliambiwa kwamba divai kidogo ni dawa ya moyo. Leo Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya Januari 2023, linasema hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Pombe ni miongoni mwa visababishi vya saratani, ikiwemo ya umio, ambayo si ngeni katika sehemu hii ya nchi. Glasi moja ndogo kwa sikukuu ina hatari ndogo. Glasi ya kila jioni ni jambo jingine.

Wafuatao wasionje hata kidogo:

Mama mjamzito. Pombe hupita moja kwa moja kwenda kwa mtoto, na ubongo wa mtoto tumboni hauna ini la kuutetea.

Mwenye ugonjwa wa ini, wakiwemo wale wenye homa ya ini ya aina ya B, na aliyewahi kuvimba kongosho.

Anayetumia dawa za kifua kikuu. Dawa hizo zenyewe hulichosha ini. Kuongeza pombe ni kulibebesha mizigo miwili.

Anayetumia metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl. Watu wengine hutapika, huwa wekundu usoni na moyo huwaenda mbio. Ushauri tunaotoa ni kusubiri saa 48 baada ya kidonge cha mwisho.

Mwenye kifafa, na anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza akili.

Anayetumia warfarini ya kuyeyusha damu, mpaka aongee na daktari wake.

Aliyewahi kutawaliwa na pombe akaiacha. Kwake yeye hakuna glasi ndogo.

Mwenye pumu awe mwangalifu pia. Divai, na hasa zilizo tamu, hutiwa salfaiti ili zisiharibike, na kwa baadhi ya wagonjwa kemikali hiyo hubana kifua. Wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi waongee na kliniki yao. Shida kubwa ninayoiona ni ya kusahau vidonge baada ya kunywa.

Na wote waangalie wanachokinunua. Kuna vinywaji vitamu vinavyoitwa divai ambavyo havijaonja zabibu. Nunua duka linalojulikana, tazama alama ya ubora ya shirika la viwango la KEBS na stempu ya ushuru, na usome asilimia ya pombe. Vifo vilivyotokea Kirinyaga mwezi wa Februari 2024 kutokana na pombe yenye sumu vitukumbushe kwamba bei rahisi wakati mwingine hulipwa na familia.

KWA MWENYE KISUKARI

Wagonjwa wengi huniuliza swali hili kwa kunong'ona, kana kwamba wanauliza dhambi. Jibu langu ni hili. Kwanza uliza daktari wako ni dawa gani unayotumia. Wanaotumia metfomini pekee hawashukiwi na sukari kwa urahisi, ingawa pombe nyingi pamoja na metfomini inaweza kujaza asidi mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu. Wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi ndio walio hatarini.

Ukiruhusiwa, kula chakula kamili kwanza. Pima glasi yako kwa vijiko vitano vya mezani, uishie hapo. Usiruke mlo ili ulipie utamu, na usiongeze dawa ili uumeze utamu. Pima sukari kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 6 au 7, kula kipande cha mkate, uji au ndizi. Pima tena asubuhi. Na mwambie mtu wa nyumbani kwamba umekunywa na kwamba una kisukari.

UKIMKUTA "MLEVI" ANAYETOKWA JASHO

Sukari iliyoshuka na ulevi hufanana mno. Wote wawili huongea ovyo, hupepesuka, huwa wakali bila sababu, na hulala. Tofauti ni kwamba wa sukari mara nyingi hutokwa jasho la baridi, hutetemeka na moyo humwenda mbio. Lakini usiumize kichwa kutafuta tofauti. Ukijua kwamba mtu ana kisukari na anatumia dawa, mchukulie kwamba sukari imeshuka mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300. Isiwe ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Akipata nafuu, mpe mkate, ugali au uji, kwa sababu sukari ile ya kwanza haitadumu.

Ikiwa hana fahamu, usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitalini, na uwaambie pale mlangoni neno hili: "Ana kisukari." Hata akiamka njiani, mfikishe. Vidonge kama glibenklamidi hukaa mwilini kwa muda mrefu na sukari huweza kushuka mara ya pili. Mwalimu tulimlaza mpaka kesho yake kwa sababu hiyo, na saa sita mchana kipimo kilianza kuteremka tena ingawa alikuwa ameketi akisoma gazeti.

Mkewe ndiye aliyemwokoa. Mwanawe alitaka kumwacha alale mpaka pombe imwishe. Mama alimshika mkono wa baridi uliolowa jasho, akasema kwamba mumewe hakuwahi kulala hivyo, akamtuma kijana kwa jirani mwenye gari. Wangemwacha mpaka jua lichomoze, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, au ningekuwa na kisa kingine.

Siku hizi mwalimu anatumia dawa tofauti isiyoshusha sukari kwa ghafla. Kwa wazee tunaepuka glibenklamidi pale inapowezekana. Pasaka iliyofuata alinijia kliniki na swali. Chupa bado ilikuwa na kidogo ndani, alisema, na binti atauliza. Nilimwambia divai iliyokaa wazi miezi minne imeshaharibika, aimwage. Akija na nyingine, Mwalimu, kwanza ugali.